Dorothy Hodgkin, mama wa fuwele: miaka 34 na insulini

Salma: Assalaam alaykum wasikilizaji wetu, karibuni sana, hapa ni Mombasa, mie Salma na niko na kakangu Hamadi kama kawaida. Leo twamzungumza mama mmoja aitwa Dorothy Hodgkin, Muingereza, mwanakemia wa fuwele, na huyu mama nampenda toka niko sekondari manake kazi yake twaitumia kila siku na jina lake hata hatulijui.

Hamadi: Waalaykum salaam. Hebu kabla hujaenda mbali, dadangu, mwambie mtu fuwele ni kitu gani, manake wengine kemia tuliiacha kidato cha pili na hatukugeuka nyuma.

Salma: Chukua chumvi ya mawe, ile inayotoka mashamba ya chumvi kule Gongoni, iweke juani uitizame vizuri. Utaona vipande vyake vina pande zimenyooka na kona kali. Basi hiyo ndo fuwele. Ndani yake atomi zimejipanga safu kwa safu, mpango mmoja wajirudia kila upande. Sasa kitu kilichojipanga hivyo ukikipiga eksirei, miale yatawanyika na ukiweka filamu nyuma wapata vidoa vidoa. Max von Laue na wenzake kule Ujerumani ndo walioona hivyo mwaka 1912, halafu akina Bragg, baba na mwanawe, wakaonyesha vipi utatoka kwenye vidoa urudi ujue kila atomi imekaa wapi. Wakapewa Nobel 1915, yule kijana Lawrence ana miaka 25 tu.

Hamadi: Mashallah. Na Dorothy yeye aliingilia wapi?

Salma: Yeye kazaliwa Afrika bwana! Cairo, mwaka 1910, babake alikuwa afanya kazi ya elimu ya serikali ya wakoloni huko Misri halafu Sudan. Alipokuwa msichana alikwenda Khartoum kuwaona wazazi wake, na huko kulikuwa na rafiki yao, mwanakemia wa udongo, akampa vifaa na kemikali akacheza nazo, akapima madini mwenyewe. Mtoto wa miaka kumi na kitu. Na aliporudi shuleni Uingereza, kemia ilikuwa ya wavulana, yeye na msichana mwengine mmoja ndo waliruhusiwa kuingia hilo darasa.

Hamadi: Hata huko kwao?

Salma: Hata huko. Akasoma Oxford, kisha Cambridge kwa bwana mmoja aitwa Bernal, na hapo 1934 ndo kukatoka kitu kikubwa. Watu walikuwa wapiga picha za fuwele za protini hawapati chochote, ukungu tu. Kumbe walikuwa waziacha zikauke! Fuwele ya protini imejaa maji, ikikauka mpango wote waporomoka. Bernal akaipiga pepsini, ile protini ya tumboni inayosaga chakula, ikiwa mbichi ndani ya maji yake, vidoa vikatoka visafi kabisa. Na siku hiyo Dorothy hakuweko, alikwenda London kwa daktari kuonyesha mikono.

Hamadi: Mikono imefanyaje?

Salma: Baridi yabisi. Ana miaka 24 tu viungo vya vidole vishaanza kuvimba na kuuma, na haikumwacha mpaka mwisho, mikono ikapinda. Na kazi yenyewe ni ya vidole, washika kifuwele kidogo kuliko chembe ya sukari wakipandisha juu ya sindano ya kioo. Ilibidi atengenezewe mti mrefu wa kusukumia swichi kubwa ya mtambo wa eksirei manake swichi yenyewe vidole haviwezi. Alipewa dawa akaendelea. Mie kila nikisoma hapo nasimama kidogo.

Hamadi: Subhanallah. Haya, sasa hiyo insulini, dawa ya kisukari. Mie nauza dawa, kila siku naitoa frijini nampa mtu, na shangazi yangu mwenyewe hajala hamri mpaka adungwe kwanza. Lakini sikujua kuna mtu aliiangalia miaka yote hiyo.

Salma: 1935 huyo, amerudi Oxford, profesa mmoja akampa unga wa insulini kidogo. Akazikuza fuwele mwenyewe, akazipiga picha, na usiku kama saa nne hivi akaosha filamu akaona vidoa katikati. Mwenyewe alikuja kusema pengine hakuna dakika iliyomsisimua maishani kama ile. Ana miaka 24, 25. Na jawabu likaja 1969.

Hamadi: Miaka 34! Kwani vidoa si anavyo, kilichobaki nini?

Salma: Hapo ndo penyewe Hamadi. Kidoa chakwambia wimbi la eksirei lilikuja na nguvu kiasi gani. Hakikwambii lilipofika lilikuwa limepanda au limeshuka. Yaani ni kama umekaa ufukweni pale Mama Ngina watizama mawimbi yaingia, kimo cha kila wimbi wakipima, halafu mtu akwambie kwa hivyo vimo tu nichoree mwamba ulioko chini umekaaje. Nusu ya habari imepotea njiani. Kwa hivyo wakisia, wapiga hesabu, walinganisha, wakisia tena. Au watia atomi nzito ndani ya fuwele, zebaki kwa mfano, ikupe alama ya kuanzia. Na insulini ina atomi zaidi ya 700, kila moja uitafutie mahali pake, na mwanzo hesabu ni kwa mkono, kwa vibao vya karatasi vilivyoandikwa namba.

Hamadi: Mtu si ataacha.

Salma: Hakuacha, lakini pia hakukaa akaing'ang'ania ikiwa haiwezekani. Aliiweka pembeni akaenda kwa zilizo ndogo, njia ikawa yakua pamoja naye. Vita vya pili viko moto, penisilini ndo dawa kila mtu aitaka, lakini hakuna ajuaye imejengwaje, na wakubwa wa kemia wakibishana. Dorothy na mwanafunzi wake Barbara Low wakaipiga eksirei, na mwaka 1945 jawabu likawa lile wengi hawakulitaka, kuna pete ya atomi nne tu, tatu za kaboni na moja ya naitrojeni, imebanwa vibaya mno. Kuna mwanakemia mkubwa, John Cornforth, yasimuliwa alisema fomula ikiwa ni hiyo yeye ataacha kemia akalime uyoga.

Hamadi: Akalima?

Salma: Hakulima, alikuja kupata Nobel yake mwenyewe 1975! Lakini ile pete ndo siri yote, manake imebanwa, yataka kufunguka, ikifunguka yanasa kwenye kimeng'enya ambacho bakteria hutumia kujenga ukuta wake, ukuta haujengeki, bakteria kwisha. Amoksilini unayouza wewe pale kemisti ina pete hiyo hiyo.

Hamadi: Wallahi nauza miaka yote hii sikuwahi kuambiwa hivyo. Mwisho wa siku watu waniuliza tu bei.

Salma: Halafu ikaja vitamini B12, ile dawa ya upungufu wa damu mbaya uliokuwa waua watu. Fuwele zake nyekundu, katikati pana atomi ya kobalti, atomi zote kwa jumla 181. Hapo ndo kompyuta ikaingia, kulikuwa na bwana mmoja Los Angeles, Kenneth Trueblood, ana nafasi kwenye kompyuta, Dorothy amtumia vipimo kutoka Oxford, yeye amrudishia hesabu kwa posta na kwa simu ya maandishi. Ikakamilika 1956. Na huku yeye mwenyewe Marekani walishamnyima viza 1953 kwa sababu ya marafiki zake wa mambo ya amani.

Hamadi: Viza nayo!

Salma: Eeh. Basi 1964 akapewa Nobel ya kemia peke yake, hakugawana na mtu. Mwanamke wa tatu kwenye kemia, kabla yake Marie Curie na bintiye Irène. Na habari ilimkuta wapi? Ghana! Mumewe Thomas Hodgkin alikuwa mwanahistoria wa Afrika, akiongoza taasisi ya masomo ya Kiafrika pale chuo kikuu, Legon, na binti yao mwaka huo asomesha wasichana Zambia. Kwao magazeti mengine yakamwandika mama wa nyumbani wa Oxford kapata Nobel. Miaka 30 ya kazi, ati mama wa nyumbani. Mie hilo lanikera mpaka leo, sikufichi.

Hamadi: Na insulini bado.

Salma: Bado! Mtu mwengine angeshapumzika. Akarudi na kundi la vijana, kompyuta zishakuwa na nguvu, 1969 wakaitoa. Wakaona molekuli sita zimeshikana, zimezunguka atomi za zinki. Na hilo lina maana kwa shangazi yako, manake zikidungwa lazima ziachane kwanza moja moja ndo zifanye kazi, na hiyo yachukua muda, kwa hivyo baadaye watu wakaanza kutengeneza insulini ambazo hazishikani sana, zafanya kazi haraka.

Hamadi: Aah! Ndo hizo za kudunga ukitaka kula, na zile nyengine lazima ungoje nusu saa!

Salma: Ndo hizo. Na hebu sikia hili, ile makala ya 1969 jina lake si la kwanza. La kwanza ni Margaret Adams, halafu wafuata vijana wengine, yumo Vijayan kutoka India, yeye Dorothy yuko huko chini la nane.

Hamadi: Kwa kazi ya miaka 34.

Salma: Eeh. Na wale vijana wakaenda kwao wakafungua maabara zao. Miaka miwili baadaye, 1971, ikaanzishwa hazina ya kuweka maumbo ya protini, sasa iko kwenye intaneti, bure kabisa, maumbo yapita 200,000. Wanafunzi wanaotusikiliza, Mvita, Likoni, Kisauni, kokote, ukiwa na bando kidogo tafuta Protein Data Bank, pale pa kutafutia andika 4INS. Ni insulini ya nguruwe, na kati ya majina ya walioiweka Hodgkin yumo. Waizungusha kwa kidole kwenye simu.

Hamadi: Ngoja niandike hapa. Nne, I, N, S... bando lipo... eeh imefungua. Salma, hivi viduara viwili hapa katikati ndo zinki?

Salma: Ndo zinki.