Penseli Ina Kazi Yake, Mabega ya Viungo Yaachiwe Kisu

Asanteni, na asante mwenyekiti. Mada niliyopewa ni pana: jinsi ya kuchagua vifaa vya mkono vya kupigia mistari na kutia alama kwenye mbao. Walionisikia zamani wanajua ninakoelekea, na nawaona wengine wameshaanza kutabasamu. Sawa. Nitaanza na kisu, na huenda nikakaa kwenye kisu muda mrefu, kwa sababu kila ninapoingia kwenye karakana nakuta seremala ana randa nzuri, ana patasi zilizonolewa vizuri, halafu mstari anaoufuata kaupiga kwa penseli butu iliyotoka nyuma ya sikio.

Tuutazame mstari wa penseli kwa karibu. Penseli iliyochongwa vizuri inatoa mstari wa kama nusu milimita. Ikishapita kwenye ubao mara chache, ncha inakufa na mstari unafika milimita nzima. Mstari huo una kingo mbili, ukingo wa ndani na ukingo wa nje. Nakuuliza wewe mwenye msumeno: unafuata upi? Asubuhi unafuata wa ndani, mchana mwanga umebadilika unafuata wa nje. Chukua fremu ya mlango. Reli ni mbao zake za kulala, na mabega ni kingo za reli pale inapopunguzwa kuwa ulimi wa kuingia kwenye tundu. Reli ya juu umekata mabega yake yote mawili kwenye ukingo wa ndani, reli ya chini umekata yote mawili kwenye ukingo wa nje. Mstari ulikuwa wa nusu milimita tu, lakini nusu kwa nusu, reli moja sasa ni ndefu kuliko nyenzake kwa milimita nzima. Unaiunga fremu, unaibana, pembe zinakataa, bega moja limeacha uwazi. Hapo ndipo lawama zinapoanza: mbao haikukauka, msumeno mbaya, gundi hafifu. Kosa lilikuwa kwenye mstari kabla msumeno haujagusa ubao.

Kisu hakichori. Kisu kinakata nyuzi za mbao, na alama kinayoacha ni ukuta: upande mmoja ubao unaobaki, upande wa pili mabaki. Hakuna ukingo wa kuchagua. Na ukuta huo una faida ambayo penseli haitaipata hata uichonge iwe kama sindano: patasi inauegemea. Unaweka makali ya patasi kwenye mstari, unasikia yanadumbukia mahali pake. Macho hayana kazi tena, mkono unajua.

Nimeleta ubao hapa, nitaonyesha, na walio nyuma sogeeni.

Kwanza siweki skwea, hiki kifaa cha pembe mraba. Kwanza naweka ncha ya kisu kwenye alama yangu, pale hasa ninapotaka mstari upite. Halafu naisukuma skwea taratibu mpaka iguse kisu. Wengi wanafanya kinyume: wanaweka skwea kwa kukisia, halafu wanatafuta alama, wanasogeza, wanarudisha. Kisu kikitangulia, skwea inakifuata. Sasa naibana skwea kwa vidole, navuta kisu mara ya kwanza kwa uzito wa kisu chenyewe, kama napapasa. Mara ya pili nakaza kidogo. Mara ya tatu nakaza zaidi. Anayekandamiza kwa nguvu mara ya kwanza anakiachia kisu kishike njia ya nyuzi, na nyuzi za mbao zina mwelekeo wao, zitakichukua kisu zinakotaka. Mpito wa kwanza mwepesi ndio unaotengeneza reli ambayo mipito mingine itafuata.

Sasa nageuza ubao ili mstari uendelee upande wa pili. Naweka ncha ya kisu ndani ya mkato pale pembeni, naingiza upande wa pili, nasukuma skwea mpaka iguse, navuta. Pande zote nne hivyo hivyo, na mstari wa mwisho unakutana na wa kwanza. Kama haukutani, ama skwea ina kasoro ama ubao haujarandwa sawa, na ni afadhali ujue sasa kuliko baada ya kukata.

Mwisho nachukua patasi, upande wa mabaki, naiinamisha kuelekea mstari, nanyofoa utepe mwembamba. Mmeona? Umebaki mfereji mdogo, ukuta wake mmoja umesimama wima, mwingine umelala. Msumeno unakaa humo ndani. Hauruki, haukwaruzi bega, na nyuzi za upande unaobaki hazichaniki kwa sababu zilishakatwa kabla meno hayajafika.

Sasa kisu gani? Hapa ndipo pesa zinapotupwa. Kisu cha kupigia mstari kinataka mambo machache. Bapa liwe jembamba, liweze kuingia sehemu finyu. Ncha iwe kali kwelikweli. Na kubwa kuliko yote, makali yawe ya upande mmoja: mgongo umenyooka kabisa, mwinamo uko upande wa pili tu. Mgongo ndio unaolala kwenye skwea. Kisu cha jikoni kina mwinamo pande zote mbili, kwa hiyo ukikisimamisha wima kando ya skwea, makali yenyewe yako mbali kidogo na chuma cha skwea. Ili yakaribie lazima ukiinamishe, na hakuna mkono unaoinamisha sawasawa kila mara. Kile cha ofisini chenye bapa la kuvunjwavunjwa kina ugonjwa huohuo, na juu yake bapa linapinda ukilikaza.

Anayetumia mkono wa kushoto, au anayetaka kupiga mstari kushoto na kulia kwa skwea, atafute kisu chenye ncha ya mkuki: mgongo mmoja ulionyooka, makali mawili yanayokutana kwenye ncha. Hicho kinatumika kila upande. Na kama huna pesa ya kununua, chukua kipande cha msumeno wa chuma kilichovunjika, kinoe upande mmoja, kifunge kipini cha mti. Ukikinoa kwenye mashine kichovye majini kila mara, maana chuma kikipata moto mpaka kikageuka buluu, makali hayatadumu. Kipini kisiwe cha mviringo. Kisu cha mviringo kinabingirika kwenye meza, kinaanguka, na siku zote kinaangukia ncha.

Najua kuna mtu hapa anasema kimoyomoyo: penseli imenitosha miaka yote, na samani zangu watu wanakalia. Ndugu yangu, penseli ni mgeni kwenye ufundi huu. Watu walianza kutumia grafiti, ile tunayoiita risasi ya penseli, kutoka Borrowdale, Uingereza, kwenye miaka ya 1500, na penseli za kisasa, zile za kuchagua ugumu wa ncha, zimetokana na njia ya Mfaransa Nicolas-Jacques Conté ya mwaka 1795, ya kuchanganya risasi hiyo na udongo wa mfinyanzi na kuichoma. Misri ya kale walikuwa wanaunga mbao kwa ulimi na tundu maelfu ya miaka kabla ya hapo. Sisemi hawakuwa na rangi. Kwa mistari mirefu walifyatua uzi uliopakwa rangi nyekundu. Wajapani nao wana kidau chao cha wino chenye uzi, wanakiita sumitsubo, kwa kazi hiyohiyo. Lakini wakifika kwenye kiungo kinachotaka ukali, wana kisu maalumu, shirabiki, na wana mahati yao, yaani kifaa cha kupigia mstari unaofuata ukingo wa ubao, wanaiita kebiki. Mfyatuo wa rangi kwa kupasua, makali kwa kuunga. Wameligawa hilo vizuri kuliko wengi wetu.

Na kama huniamini mimi, vuta droo ya kabati la zamani lililotengenezwa kwa mkono, tazama ubavuni pale meno ya kiungo yanapoishia. Mara nyingi utakuta mkwaruzo mwembamba umepita kutoka ukingo hadi ukingo. Huo ni mstari wa mahati. Fundi aliuacha na hakuona aibu.

Mwingine atasema: mkato wa kisu haufutiki, utaharibu uso wa kazi. Hili ni la kweli na nalipokea. Ndiyo maana sikusema mtupe penseli. Mstari wa kukata mbao kwa ukubwa wa awali, penseli. Mstari wa kuvunja ukingo kwa randa, penseli, kwa sababu mkato wa kisu pale utabaki unaonekana baada ya kuranda, nao ukingoni ni kovu. Mikunjo ya mguu wa kiti, penseli. Kuandika jina la kipande, huu wa kushoto, ule wa kulia, huu uso wa mbele, penseli, na kwa maandishi makubwa. Kisu kinaingia kwenye kiungo, pale tu ambapo msumeno au patasi itafuata. Na ukipiga mstari wa tundu, usiupitishe upana mzima wa ubao. Anza na uishie pale tundu lilipo.

Wa tatu atasema haoni mkato kwenye mbao nyeusi. Shusha taa iwe ubavuni, mwanga uje kwa kulala. Mkato utatoa kivuli. Kwenye mpingo sugua chaki juu, futa, chaki itabaki ndani ya mkato. Kwenye mbao nyeupe pitisha penseli ngumu yenye ncha kali ndani ya mkato uleule, utapata weusi na ukuta kwa pamoja. Hakuna ugomvi tena.

Naona mwenyekiti anaangalia saa. Twende kwenye mahati, wengine mnaiita geji.

Mahati ni kisu kinachobeba skwea yake: ufito, kibao kinachoteleza juu ya ufito, na kitu cha kuchora mwishoni. Swali la kununua ni hicho kitu cha mwishoni. Ya sindano ni rahisi na inafanya kazi vizuri ukifuata nyuzi, lakini ukikata nyuzi inachana badala ya kukata. Dawa yake ni tupa ndogo: inoe sindano iwe bapa kama kijisu. Dakika chache tu, na mahati ya bei ya chini inageuka kifaa kingine. Ya kijisu ni bora kwa kukata nyuzi. Ya gurudumu, lile la chuma dogo lenye makali, inafanya kote kuwili, na mwinamo wa makali ukielekea kwenye kibao, ubao wenyewe unalisukuma gurudumu nje na kibao kinavutwa kibane. Lakini kagua skrubu ya kukaza. Ikiwa kibao kinateleza baada ya kukazwa, rudisha dukani hata kama inang'aa.

Jinsi ya kuivuta: usiisimamishe wima na kuikandamiza. Iinamishe, ncha ifuate nyuma, mpito wa kwanza mwepesi. Nguvu ya mkono iende pembeni, kukibana kibao kwenye ubao, chini usikandamize.

Mahati ya sindano mbili, ya kupigia tundu na ulimi: tafadhali, msipime upana kwa rula. Wekeni patasi yenyewe katikati ya zile sindano mbili, zikazwe kwa upana wake. Tundu litatoka kwa upana wa patasi, si kwa upana wa namba. Hesabu ya milimita mnaitaka ya nini wakati chombo kitakachokata kiko mkononi? Na hili ni kwa kazi yote: kipande kikiweza kumpigia mwenzake mstari, rula ikae pembeni. Rafu inayoingia kwenye mfereji, weka rafu yenyewe, piga kisu ubavuni mwake.

Kibao cha mahati kiegemee upande uleule siku zote, uso wa msingi na ukingo wa msingi ulioranda kwanza na kuutia alama. Ukiegemeza mara huku mara kule, tofauti yoyote ya unene wa ubao inaingia kwenye kiungo.

Skwea kwa haraka. Msiiamini kwa sababu ni mpya. Ukingo wa ubao ulionyooka, piga mstari kwa kisu, geuza skwea iangalie upande mwingine, piga mstari wa pili kutokea hapohapo. Ikilingana, nunua. Ikiachana, uwazi unaouona ni kosa la skwea mara mbili, kwa hiyo hata kosa dogo linajitokeza. Nendeni na ubao mdogo dukani. Muuzaji akiwakataza kuijaribu, mmeshapata jibu.

Bikari nilitaka niiongelee vizuri kwa ajili ya kugawa nafasi bila hesabu, muda hautoshi. Kwa ufupi: kadiria hatua moja, itembeze, tazama imezidi au imepungua kiasi gani mwishoni, kaza au legeza kwa sehemu ndogo, rudia. Skwea ya kukunja ya kunakili pembe ichagulieni kwa skrubu tu. Sindano yenye kipini ni ya kutia nukta pale keekee itakapoanzia, msiipigie mistari ya mabega.

Meza ile pale ina visu vitatu: kimoja cha makali ya upande mmoja, kimoja cha ncha ya mkuki, na kimoja cha jikoni. Kuna skwea na vipande vya msaji. Pigeni mstari kwa kila kimoja, halafu wekeni patasi juu ya kila mstari. Maswali nitayapokea hapo mezani, mkiwa na kisu mkononi.