Insulini: Sindano ya Kawaida na Kifaa Kisicho na Sindano

Hamjambo nyote. Niko Kayole, hapa Nairobi. Mezani kuna sindano ya insulini, dawa ya kushusha sukari mwilini, kama anayotumia mamangu, na kifaa kisicho na sindano, nilichoazima niwaonyeshe tu.

Tuanze na sindano. Nawa mikono. Kama insulini yako ni ile ya mchanganyiko, nyeupe kama maziwa, usiitikise. Ibingirishe viganjani mara kumi hivi, taratibu, hadi iwe rangi moja. Chupa unayotumia isiwe baridi ya friji, maana baridi huuma. Ingiza hewa kwenye chupa, kiasi sawa na yuniti za dozi yako, pindua chupa, vuta dawa. Tazama hapa karibu: unaona kiputo? Gonga kwa kidole ili kiputo kipae juu, ukirudishe chupani. Hakidhuru, ila kinachukua nafasi ya dawa.

Sasa tumboni, mbali na kitovu kwa vidole viwili. Finya ngozi, choma, sukuma polepole, hesabu hadi kumi, chomoa. Kesho sogea upana wa kidole.

Hapo pa kusogea, nisikilizeni jamani. Mama alichoma mahali pamoja miezi na miezi kwa kuwa hapamuumi tena. Pakaota uvimbe laini. Dawa ikiingia pale haifyonzwi sawasawa, na sukari yake ikawa inapanda na kushuka ovyo.

Kifaa hiki kingine kina springi. Ikaze, vuta dawa, toa hewa, kisimamishe wima juu ya ngozi, kandamiza, bonyeza. Insulini inapita kwenye kitundu chembamba sana kwa kasi, inapenya ngozi, kisha inatawanyika kama manyunyu. Ndiyo maana insulini ya kufanya kazi haraka huwahi zaidi ukitumia kifaa hiki. Ukiwa umeshajidunga na chakula bado kiko jikoni, sukari inaweza kushuka chini ya 4 mmol/L, yaani chini mno. Na msidanganywe kwamba hakiumi kabisa: huweza kuacha damu kidogo au alama ya bluu.

Mimi naona hivi: anayeruka dozi kwa kuogopa sindano, kifaa hiki kitamfaa sana. Wengine rekebisheni kwanza namna ya kuchoma. Ukitaka kubadilisha, mwone daktari, na upime sukari mara nyingi wiki za kwanza.

Sindano iliyotumika itie kwenye kopo gumu lenye kifuniko, uipeleke kliniki. Vijana wanaotubebea taka hapa mtaani huzishika kwa mikono mitupu.