Kadi ya Kliniki Si Bima

Asanteni. Walionisikia kabla ya leo wanajua nitaanzia kwenye kadi ya kliniki za ada ya mwezi. Wanivumilie, kwa sababu watu bado wanaumia.

Jirani yangu mmoja hapa Kent, jimbo la Washington, fundi wa magari, alikuwa akimlipa daktari wake ada ya kila mwezi, bila kampuni ya bima kuingia kati. Mpango ulimfaa sana. Presha ilitulia, simu anapokea daktari mwenyewe, miadi haipigwi kalenda. Siupingi mpango huu, tuelewane. Basi usiku mmoja kidole tumbo kikamshika. Akafika hospitali amejikunja, akatoa kadi ya kliniki, kadi safi ya plastiki, jina lake limechapwa kwa herufi za dhahabu. Karani akaitazama, akaigeuza nyuma akitafuta namba ya bima, akaigeuza tena. "Na bima yako?" Yule bwana akaisukuma kadi ile ile: "Si hiyo hapo?" Alipasuliwa, akapona, Mungu ashukuriwe. Halafu bahasha zikaanza kuingia: bili ya hospitali mbali, ya daktari wa usingizi mbali, ya maabara mbali.

Najua kuna mtu anataka kuniuliza: kwani hakutia sahihi? Alitia! Sheria yetu ya Washington, ya mwaka 2007, inataka mkataba wenyewe useme kwamba huduma hii si bima kamili ya afya. Ulisema, kwa Kiingereza. Mtu aliyekulia Kenya ya NHIF, ile bima ya afya ya taifa, kabla haijaipisha SHA mwaka 2024, au Tanzania ambako NHIF ingalipo, anajua kadi yenye jina lake ndiyo bima. Ninyi wa kliniki, mnampa kadi halafu mnamtaka abahatishe?

Ninachodai ni kidogo. Maneno "si bima" yachapwe kwenye kadi yenyewe, na onyo lisomwe kwa lugha ya mgonjwa kabla hajashika kalamu. Naambiwa daktari atalemewa, kwamba aliikimbia bima kwa sababu ya makaratasi. Maneno mawili, jamani! Moyo na stetoskopu wamechora kwenye kadi, wino upo.

Majimbo zaidi ya 30 ya Marekani yametunga sheria kwamba mikataba hii si bima. Vizuri, kliniki ndogo isibebeshwe masharti ya kampuni kubwa. Lakini ukishamwambia kamishna wa bima, anayezisimamia kampuni za bima, kaa mbali, nani anamwangalia mgonjwa? Washington angalau ilifikiri. Ukilipa zaidi ya ada ya mwezi mmoja mbele, fedha hukaa kwenye akaunti ya amana, na kliniki huchukua chake kadiri miezi inavyopita. Ukijitoa, unarudishiwa ambazo hazijatumika. Ada ikibadilika, unaarifiwa siku 60 kabla. Na hawawezi kukukataa kwa sababu tu una kisukari. Si mambo ya nadharia haya: Qliance, kampuni ya kliniki za ada ya mwezi kama hizi, ilianzia hapo Seattle mwaka huo huo wa 2007, ikavuta fedha za matajiri akiwamo Jeff Bezos, na mwaka 2017 ikafunga milango. Kwa hiyo mwenye ndugu jimbo lingine anayeshawishiwa alipe mwaka mzima apate punguzo, amuulize daktari fedha zitakaa wapi. Daktari akikasirika, hilo nalo ni jibu.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka, basi. Tangu Januari 2026 sheria ya shirikisho inamruhusu mwenye akaunti ya akiba ya afya, ile HSA, kuwa na mkataba huu na kuulipia humo, mradi ada isizidi dola 150 kwa mwezi kwa mtu mmoja, au 300 kwa familia. Wazee wa Medicare, bima ya serikali: daktari aliyejitoa Medicare amejitoa kwa miaka miwili, na unachomlipa Medicare haikurudishii. Hilo lilihitaji saa nzima, lakini saa nimeimaliza kwa kadi, kama kawaida yangu.

Mwenye mkataba mkobani aje nao hapa mezani, tuusome pamoja. Mama pale nyuma, nimekuona umeshautoa. Njoo.