Tope la Sabaki lina kwao

Assalamu alaykum, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana. Nasema lile lile ninalolisema kila mkinipa nafasi: nendeni mkatembee msituni kando ya mto, na mkitembea msiiache njia.

Masika yakishika, bahari yetu hugeuka nyekundu kuanzia mdomo wa mto Sabaki, karibu na Malindi. Tope lile lina kwao. Mkifika Nairobi, ingieni Karura, msitu aliopigania mwanamazingira Wangari Maathai usinyakuliwe. Habari hiyo mwaijua. Shukeni bondeni, mpite mapango ya Mau Mau mpaka kwenye maporomoko. Maji yale huishia mto Nairobi, nao huingia Athi. Athi ukikutana na Tsavo huitwa Galana, na ukifika kwetu ndio Sabaki. Mto ni mmoja!

Sasa itazameni njia mahali penye mteremko mkali. Haishuki wima. Yaenda upande, yapinda, yarudi, taratibu. Kijana mwenye haraka akiiona kona hukatiza katikati. Mguu wake huponda majani yaliyofunika udongo, na wa nyuma naye apita papo hapo. Mvua zikinyesha, pale pamekuwa mfereji. Maji yakipata mteremko ulionyooka hukimbia, na yakikimbia hubeba udongo. Mizizi yabaki uchi, mti waegemea, mwisho ukingo mzima waingia mtoni. Na bado mtu anilalamikia eti njia imezungushwa ili kumchosha! Imezungushwa ili maji yachoke, si wewe.

Najua kuna wa kuniuliza: kwani tope lote hili limeletwa na viatu? Hapana, sikusema hivyo. Mengi yatoka kwenye mashamba ya miinuko yasiyo na matuta na vilima vilivyokatwa miti. Lakini yanayotendeka shambani ni yale yale, na pale njiani wayaona kwa macho yako. Mwingine atasema kutembea msituni ni mambo ya watalii. Wazee wa kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, waliijua miti kama mbambakofi na mrihi kwa kuletewa na mtalii?

Naona naonyeshwa saa. Matumbawe yanavyofunikwa na tope, tutayazungumza siku nyingine. Viatu viwe na meno, kuna utelezi. Asiye na nauli ya Nairobi, Arabuko-Sokoke hii hapa, kilomita za mraba kama 420; haina bonde kama lile la Karura, lakini njia zipo. Jumamosi tukutane kituo cha msitu cha Gede, saa kumi na mbili unusu asubuhi. Wanaokuja waandikishe majina pale mlangoni.