Anzeni na Bajeti: Maneno kwa Watafiti Chipukizi wa Mazingira

(Mhadhara uliotolewa Kisumu mbele ya wanafunzi wa uzamili na watafiti chipukizi wa uhifadhi na tabianchi.)

Hamjambo nyote. Asante, Daktari, kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie ufadhili na mafunzo kwa watafiti wa mazingira. Mliowahi kunisikia mnajua nitaanzia wapi. Nitaanzia kwenye bajeti, na nitaendelea kuanzia hapo mpaka nione maombi yakibadilika.

Nimekuwa nikisoma maombi ya ruzuku ya vijana wa ukanda huu, kutoka Bondo, Maseno, Kakamega mpaka Njoro. Ugonjwa ni ule ule. Kurasa nane za utangulizi kuhusu joto la dunia, nadharia, mapitio ya machapisho, yote safi. Halafu bajeti imeandikwa usiku wa mwisho: usafiri, shilingi 200,000, vifaa, 150,000, mengineyo, 50,000. Mengineyo ni nini, jamani? Mtu anakuombea pesa kwenye bodi London au Abu Dhabi, hajawahi kuliona Ziwa Victoria, na wewe unamwachia neno "mengineyo" alitetee!

Niwape mfano. Msimu mmoja nilisoma maombi mawili, yote kuhusu ndege wa kwenye mafunjo katika kinamasi cha Yala. La kwanza lilikuwa na Kiingereza cha kuvutia na takwimu nzito. La pili liliandikwa na binti wa Siaya, na sarufi yake ilichechemea. Lakini bajeti yake! Petroli ya injini ya mashua, lita kwa kila safari. Ujira wa nahodha. Ujira wa mtu wa pili, wa kukaa mbele kuangalia viboko. Majaketi ya kuokoa maisha. Kodi ya chumba cha kulala karibu na kinamasi, kwa sababu ukitoka Siaya mjini asubuhi, ndege wameshanyamaza ukifika. Na chini yake maelezo mafupi: ndege huhesabiwa alfajiri, na alfajiri ndipo viboko wanaporudi majini kutoka malishoni, kwa hiyo saa ya kwanza ataitumia kuhesabu akiwa nchi kavu, kisha aingie majini jua likishapanda, na ndiyo maana ameongeza siku.

Mnaona alichofanya? Mbinu yote ya utafiti ilikuwa ndani ya bajeti. Ukisoma ile orodha unajua huyu ameshafika pale, ameuliza wenyeji, amesikiliza. Yule wa kwanza sikuweza kujua kama aliwahi kukanyaga Yala. Binti alipata pesa. Yule mwingine alipata barua ya kumshukuru kwa kuomba.

Kuna mtu hapa anasema moyoni: lakini watu wa ufuoni wafanye kwa kujitolea, ziwa si lao? Hoja hiyo nimeisikia mpaka imenichosha. Mvuvi wa ufuo wa Dunga, hapa Kisumu, akikupeleka wewe kuhesabu ndege, siku hiyo nyavu zake hazikuingia majini. Omena, wale dagaa wa ziwani, hawakuanikwa. Watoto watakula data yako? Wewe mwenyewe ukialikwa kwenye warsha ya hoteli unauliza posho kabla ya kuuliza mada. Mlipe mtu wa ufuoni, na uandike malipo hayo waziwazi, kwa siku, kwa kiwango mlichokubaliana na kamati ya ufuo. Mfadhili wa maana hakatai. Anachokataa ni kuona msimamizi wako wa chuo amewekewa posho ya siku kumi na mvuvi hana hata shilingi.

Halafu ubadilishaji wa fedha. Ruzuku hizi huja kwa dola, pauni au yuro, ninyi mnatumia shilingi. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Kufikia Agosti mwaka huo huo ilikuwa karibu 130. Aliyeahidiwa dola 10,000 alipanga kazi ya shilingi milioni 1.6, akapokea milioni 1.3. Laki tatu zimeyeyuka, na hakuna aliyeiba. Kwa hiyo andika kiwango ulichotumia na tarehe yake, na ujue mapema ni kazi gani utaipunguza shilingi ikipanda. Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walishasema.

Na pesa zikifika, zinafikia wapi? Najua mradi wa samaki ambao fedha zake zilikaa kwenye akaunti ya chuo kimoja, sitakitaja, mpaka mvua za Machi hadi Mei zikapita. Mtafiti alitaka kuwafuata samaki wakizaliana wakati wa masika, akakabidhiwa hundi wakati wa kiangazi. Mwaka mzima umekwenda. Kabla hujaomba, nenda ofisi ya fedha uulize: mnakata asilimia ngapi, na pesa zinatoka baada ya siku ngapi? Uliza, upewe jibu kwa maandishi. Likikutisha, tafuta chama cha kijamii kilichosajiliwa, chenye akaunti inayokaguliwa, mshirikiane. Wafadhili kadhaa wadogo wanaliruhusu hilo.

Sasa wafadhili wenyewe. Rufford Foundation ya Uingereza ndiyo mlango wa kwanza kwa wengi wenu: ruzuku ndogo, na ukimaliza vizuri ukaandika ripoti, unaruhusiwa kuomba ya pili, na ngazi zinaendelea juu. Anayesema ruzuku ndogo haimjengi mtu hajaiangalia ngazi hiyo. Conservation Leadership Programme ipo tangu 1985 na inataka timu, si mtu mmoja, ya watu walio mwanzoni mwa kazi ya uhifadhi. Washindi hupata pesa pamoja na mafunzo, na kwangu mafunzo hayo yanazidi pesa. IDEA WILD haitoi fedha taslimu, inatoa vifaa: darubini, kamera, GPS. Kama kinachokukwamisha ni darubini, usiombe dola elfu kumi, omba darubini.

Mohamed bin Zayed Species Conservation Fund inatoa hadi dola 25,000, lakini kwa spishi iliyo hatarini, hivyo usiwapelekee mradi wa "mazingira kwa jumla". Wapelekee ngege! Ngege, tilapia wa asili wa ziwa hili, ambaye Michael Graham, mtaalamu wa samaki kutoka Uingereza, alikuja kumchunguza mwaka 1927 kwa sababu nyavu zilikuwa zinammaliza, na ambaye karibu atoweke kabisa ziwani baada ya mbuta (sangara) na tilapia wa Nile kuletwa kuanzia miaka ya 1950. Bado anaishi Ziwa Kanyaboli, pale pale Yala. Mnapita na matatu karibu naye kila wiki mkienda Siaya kutafuta mada ya utafiti.

Jambo moja la kuangalia: nyingi ya ruzuku hizi hazilipi karo wala tikiti ya kwenda mkutanoni. Shahada tafuta kwingine, DAAD kwa mfano, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, ambalo hufadhili pia masomo ndani ya Afrika Mashariki.

Daktari ananionyesha saa. Basi haraka.

Vibali viwekwe kwenye bajeti na kwenye kalenda. NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kwa kila utafiti. KWS, shirika la wanyamapori, ukiingia hifadhi ya Ziwa Nakuru, na WRTI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, ukigusa wanyamapori. KFS, shirika la misitu, kwa msitu wa Kakamega. Sampuli zikivuka mpaka, NEMA, mamlaka ya mazingira. Yote hayo yana muda, na mvua haikusubiri.

Mafunzo: Tropical Biology Association wana kozi za nyanjani, Afrika Mashariki na Madagaska, ambako unajifunza kubuni utafiti huku miguu iko matopeni. Wa tabianchi, wafuateni ICPAC, kituo cha utabiri wa tabianchi cha IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika, hapo Nairobi. Wote jifunzeni R, ni programu ya takwimu ya bure, hakuna kisingizio.

La mwisho nililotaka kulisema kwa kirefu linahitaji siku yake. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inasema Hazina iupe Mfuko wa Taifa wa Utafiti asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka wa fedha. Sheria imepita, imetiwa sahihi. Fedha kiasi hicho hazijawahi kufika. Tunapiga magoti London kwa pauni elfu chache kuhusu ziwa letu wenyewe, na sheria yetu wenyewe imelala. Muulizeni mbunge wenu akija matangani, atakuja tu.

Niishie hapo. Kuna meza tatu kule nyuma. Aliyekuja na rasimu ya bajeti aitoe, tuipitie mstari kwa mstari kabla ya chakula cha mchana. Aliyeandika "mengineyo" aanze yeye.