Mnaniuliza Moritz ananigharimu kiasi gani: leo nafungua faili

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za huko. Leo hakuna matembezi wala soko. Nimekaa jikoni kwangu hapa Berlin na hili faili jeusi mnaloliona mezani. Tangu niweke ile video ya mbwa wangu Moritz akiruka vizuizi kule Brandenburg, kila nikishika simu swali ni lilelile: "Dada, huyo mbwa anakula shilingi ngapi?" Wengine mmeuliza kwa upole. Wengine mmeandika kwamba nimeshakuwa Mzungu, namlipia mbwa bima wakati nyumbani watu hawana hela ya dawa. Mwingine akaja na lake, eti kila siku nalalamika, kama Ulaya imenishinda nirudi Moshi. Nikijibu huyu, yule anakasirika. Basi nimeona niwasomee risiti, kila mtu aone kwa macho yake. Sijaja kujionyesha, na sijaja kulia.

Kwanza mjue Moritz sikumnunua. Kazi yangu ya kuhudumia wazee majumbani mnaijua. Kuna bibi mmoja nilikuwa nakwenda kwake kila asubuhi, ghorofa ya tatu, hakuna lifti, na Moritz alikuwa mbwa wake. Siku bibi alipoanguka bafuni, Moritz alibweka mpaka jirani akaja kugonga mlango. Baadaye bibi akapelekwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na pale mbwa hawapokelewi. Alinishika mkono akasema "bitte" tu, yaani tafadhali, basi. Mimi nilikuwa na chumba kimoja na jiko. Nikamchukua. Mwaka uliofuata bibi akafariki. Kwa hiyo ninyi mnaosema kwa hela hiyo ningenunua mbuzi wa maziwa, sikwenda sokoni kuchagua.

Haya, karatasi ya kwanza. Hii ni kodi. Ndiyo, kodi ya mbwa, inalipwa serikalini. Hapa Berlin ni yuro 120 kwa mwaka kwa mbwa mmoja, ukiongeza wa pili huyo analipiwa 180. Miji mingine ina viwango vyake. Ukilipa unapewa kibati kama hiki, kina namba, mbwa anakivaa shingoni akitoka nje. Nilichelewa kumwandikisha kwa sababu nilidhani kodi ya bibi inaendelea, nikaletewa barua kali, na barua ya pili ikaja kabla sijamaliza kuitafsiri ya kwanza. Nilikwenda ofisini nikiwa nimetoka zamu ya usiku, nikaambiwa dirisha hili siyo, nenda lile, na la pili nalo likanirudisha la kwanza. Ile asubuhi bado inaniuma. Siyo hela iliyoniuma, ni namna yule mtu alivyoongea na mimi kwa sauti ya juu, kama mtu asiyesikia.

Karatasi ya pili, bima. Berlin inakulazimisha kuwa na bima ya madhara, kwamba mbwa wako akimng'ata mtu au akimwangusha mwendesha baiskeli, bima ilipe, na kiwango chake cha chini ni yuro milioni moja. Msishtuke, hiyo ndiyo wanayolipa wao likitokea jambo. Mimi natoa yuro 62 kwa mwaka. Ya tatu, chipu ya chini ya ngozi na daftari la mbwa la mji, nako lazima jina lake liwemo. Ya nne ndiyo hii nene, ya daktari wa wanyama.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Madaktari wa wanyama Ujerumani hawajipangii bei wanavyotaka, kuna sheria ya viwango, na ilipandishwa Novemba 2022. Kumpima mbwa tu kwa macho na mikono ni yuro 23.62 kabla ya kodi ya mauzo, na daktari anaruhusiwa kutoza mpaka mara tatu ya hapo. Usiku au Jumapili kuna yuro 50 za dharura, na kila huduma inaanzia mara mbili. Sasa Moritz alimeza kipande cha mpira Jumapili ya Pasaka. Nilitoka pale na hesabu ya yuro 1,140. Niliomba nilipe kwa awamu, dada wa mapokezi akaniambia hapana, na mbwa yuko ndani amelazwa. Nikampigia rafiki yangu wa Dodoma anayeishi Leipzig, akanitumia. Nimemlipa kwa miezi saba. Hiyo sikuwahi kuitoa kwenye video, kwa sababu nilijua mtakachosema.

Na nyumba je? Mwenye nyumba wa kwanza aliniandikia nimtoe mbwa au nitoke mimi. Nilikuwa naanza kufunga mabegi. Jirani Mturuki ndiye aliyeniambia niende chama cha wapangaji, nako nikaelezwa kwamba Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua mwaka 2013 kuwa mkataba wa kawaida hauwezi kukataza mbwa wote kwa mkupuo, lazima kila hali ipimwe peke yake. Barua ikaandikwa, mwenye nyumba akanyamaza. Hiyo ni kwangu. Wewe uliye Munich au Hamburg usiniambie nilikudanganya, nenda na mkataba wako mkononi uwaulize.

Chakula ni yuro kama 30 kwa mwezi, ni mbwa mdogo. Hilo ndilo mlilokuwa mnauliza, na ndilo dogo kuliko yote.

Sasa ajiliti. Huu ni mchezo ambao mbwa anapita vizuizi kwa mpangilio na mwenye mbwa anakimbia naye, anamwongoza kwa sauti na mwili tu, bila kumgusa. Ulionyeshwa mara ya kwanza London mwaka 1978, kwenye maonyesho makubwa ya mbwa ya Crufts, wakiiga mashindano ya farasi wanaoruka. Lengo lilikuwa kuwachangamsha watu kabla ya kipindi kingine, na watu wakaupenda. Kuna miti iliyolazwa ya kuruka, handaki, daraja jembamba, ubao wa kupanda na kushuka kama paa, bembea ya ubao, na vijiti 12 vya kupita kwa kujipinda. Mti ukianguka ni makosa matano. Mbwa akikataa kizuizi ni matano, akikataa mara ya tatu umetoka. Akikosea njia umetoka.

Kwa nini mimi? Kwa sababu Moritz alikuwa anang'oa zulia. Huyu ni teria, Jack Russell, na jina la teria linatoka kwenye neno la Kilatini la ardhi. Mchungaji John Russell wa Devon, Uingereza, aliyezaliwa 1795, alianza kizazi chake na jike mmoja aliyeitwa Trump, alimnunua kwa muuza maziwa akiwa mwanafunzi Oxford. Alitaka mbwa wa kuingia kwenye shimo la mbweha na kubweka humo ndani, ili watu walio juu wajue wachimbe wapi. Ngoja nimnyanyue muone. Viganja vyangu viwili vinakizunguka kifua chake, vidole vinagusana. Ndivyo anavyotakiwa kuwa, maana kifua kikiwa kipana hapiti shimoni. Na kule chini hakuna wa kumwambia geuka kushoto, anaamua mwenyewe. Ukimfungia mbwa wa namna hii kwenye chumba kimoja cha Berlin wakati wewe uko kazini, ataamua mwenyewe kuhusu zulia.

Dada mmoja tuliyejuana bustanini ndiye aliyenipeleka klabu ya ajiliti. Ada yangu ni yuro 110 kwa mwaka na saa kumi za kazi, kufyeka majani, kupaka rangi vizuizi, kukaanga soseji siku ya mashindano. Usipofanya kazi unalipia kila saa. Sikuambiwa nianze kuruka. Niliambiwa kwanza mtihani, Begleithundprüfung, sisi tunasema BH. Mbwa anafuata mguu bila kamba, anakaa, analala chini na kubaki pale huku mbwa mwingine akifanya zamu yake, halafu mnatoka barabarani anapimwa kati ya baiskeli, magari na watu wanaokimbia. Na mwenye mbwa anafanya mtihani wa maandishi, kwa Kijerumani. Nilisoma usiku kazini wazee wakiwa wamelala. Mara ya kwanza tulianguka, Moritz aliinuka pale alipotakiwa kulala. Mara ya pili tukapita, na cheti hiki hapa, nimekiweka kwenye nailoni.

Halafu kuna kijitabu hiki, kila mashindano yanaandikwa humu na jaji anasaini. Ukurasa wa mbele ni kipimo. Jaji alikuja na rula ya kupimia mabega akaandika sentimita 29. Chini ya 35 unaingia kundi la wadogo, miti yao haizidi sentimita 30. Kujiandikisha nalipa yuro 12 kwa kila mzunguko, na siku moja ni mizunguko miwili. Treni sina shida, Moritz anaingia kwenye begi, mbwa mdogo aliye ndani ya begi halipiwi.

Mnaosema mbwa amefanywa mtoto, sikieni siku yenyewe ilivyo. Saa moja asubuhi uwanja una umande. Kabla ya mashindano wenye mbwa tunaingia bila mbwa, dakika chache tu, tunatembea njia nzima na kuikariri. Watu wazima hamsini wanatembea wamenyoosha mikono, wanaongea peke yao. Kisha zamu yangu. Namvua mkanda wa shingo, anatetemeka mapajani, siyo woga, ni hamu. Vijiti 12 vimesimama, kati ya kimoja na kingine sentimita 60, na cha kwanza lazima kiwe begani kwake kushoto. Nikiwahi hatua moja anaingia upande mbaya. Mwezi wa tano mwaka jana aliingia sawasawa, nikasikia kucha zake kwenye nyasi, tak tak tak, na kila kijiti kikitikisika kidogo kinapoguswa na ubavu. Sikupumua mpaka alipotoka cha kumi na mbili. Hatukushinda, kundi la wadogo limejaa wale mbwa wa manyoya marefu wa Shetland, wana mbio. Tulikuwa wa tisa, bila kosa hata moja. Mashindano yaliyofuata alinusa tundu la fuko katikati ya uwanja akaanza kuchimba, na hapo tukatolewa. Nilimbeba mikononi nikatoka, na watu walinipigia makofi kwa jina langu. Nimekaa nchi hii miaka tisa. Mahali ambapo watu zaidi ya kumi wanajua jina langu na wanalitamka vizuri, nje ya wenzetu Watanzania, ni uwanja ule.

Lipo linaloniudhi hata huko. Moritz hana karatasi za ukoo, bibi alimpata shambani kwa mtu. Klabu inampokea, mashindano ya kawaida anaingia, hata yale ya wazi ya Ulaya hayamkatazi. Lakini ubingwa wa dunia wa FCI, lile shirikisho la kimataifa la mbwa, ni wa mbwa wenye cheti cha ukoo. Hatukuwa tunafika huko, najua. Ila mtu anaulizwa baba yako nani kabla ya kuulizwa unaweza nini, hilo linanigusa kwa sababu zangu.

Na hili la kwenye grupu la familia niliseme, maana kaka yangu anaangalia. Kaka, nakuheshimu. Uliandika mbele ya shangazi zetu kwamba mbwa wa Kizungu anakula ada ya mwanao. Ada ya Januari niliituma tarehe 4, risiti ni hii, iko kwenye faili hilihili. Simba, mbwa wetu pale Majengo, alilinda nyumba miaka kumi na mmoja, kwa ukoko wa ugali na dagaa, akafa chini ya mparachichi na hakuna aliyemchanja hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea sufuria. Sijaanza kupenda mbwa Ujerumani.

Mliouliza jinsi ya kuleta mbwa kutoka Tanzania au Kenya, nawajibu kwa ninavyojua, siyo kukushauri ufanye. Chipu kwanza, kisha chanjo ya kichaa cha mbwa. Baada ya siku 30 anatolewa damu, inapimwa kwenye maabara iliyokubaliwa na Umoja wa Ulaya, halafu unasubiri miezi mitatu tangu damu itolewe ndipo asafiri. Hesabu zaidi ya miezi minne, na uwe na hela ya kila hatua. Kwangu jumla ya mwaka, bila ile Pasaka, ni kama yuro 1,300, ukiweka chakula, kodi, bima, klabu, mashindano, nauli na chanjo. Mwenye watoto wadogo au madeni hana sababu ya kunifuata mimi.

La mwisho, yule aliyeandika mara tatu kwamba nikija likizo nitamtupa. Mbwa anayetoka Ulaya akapimwa damu kabla ya kuondoka, na majibu yakaandikwa kwenye pasipoti yake, akirudi hasubiri ile miezi mitatu. Moritz alitolewa damu mwezi wa tatu, ukurasa ni huu, muhuri huo. Kibali cha kumwingiza, cha Wizara ya Mifugo na Uvuvi, bado nakishughulikia. Mama amesema anakaribishwa ila atalala jikoni kwa nje, ndani hapana. Bado tunaongea.