Maadili ya Utafiti Huanzia Kwenye Daftari

Bwana Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, nanyi wanafunzi mliofika hapa Kisumu,

Kwa miaka mingi nimefundisha maadili ya utafiti kama nilivyofundishwa: nasimulia habari ya Tuskegee, ambako kuanzia 1932 hadi 1972 maafisa wa afya wa Marekani waliwafuatilia wanaume weusi wapatao 400 wenye kaswende bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kuwa dawa ya kawaida ya ugonjwa huo, darasa linasikitika, linafanya mtihani, linapita. Kisa hicho hakina budi kufundishwa. Hata hivyo, mwanafunzi wa mwaka wa pili hutoka pale akijiona msafi, kwa kuwa yeye hajamnyima mtu dawa.

Siku moja nilikuwa nikisahihisha ripoti ya mwanafunzi mmoja ya vipimo vya maji ya ziwa pale Dunga. Joto liliandikwa 25.37, 25.41, 25.36, saa baada ya saa, ilhali vipimajoto tulivyowagawia vina mistari ya nusu digrii tu. Na daftari lililodaiwa kushinda mtumbwini halikuwa na tone la maji. Nilimwita mwenyewe. Alinijibu kwa adabu kwamba mvua iliwazuia kuingia ziwani, na kwamba alama zilikuwa za jedwali lililojaa. Nilinyamaza, maana mwongozo wa kusahihisha niliuandika mimi.

Sasa nafasi iliyoachwa wazi na kuelezwa sababu yake hupata alama sawa na iliyojazwa, na madaftari hutiwa sahihi pale pale ufukweni, kabla ya yeyote kupanda matatu.

Kuhusu ridhaa ya wanaoshiriki utafiti, leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na idhini ya kamati ya maadili ni mambo ya lazima, ila hakuna kati ya hayo linalomsomea mama fomu kwa Kidholuo akaielewa. Kwa hiyo wanafunzi wangu husomeana fomu zao kwa sauti, kisha msikilizaji hueleza kwa maneno yake mwenyewe alichokubali. Katika zoezi la juzi, aliyeshika nafasi ya mama alieleza kwamba mwanawe atatolewa damu ili atibiwe malaria, wakati utafiti wenyewe ulikuwa wa kuhesabu vimelea tu na fomu haikutaja matibabu popote. Fomu hiyo imerudishwa kwa aliyeiandika, naye ataisoma upya wiki ijayo.